Uchambuzi wa kisa: co.tz ilikuwemo kwenye anwani, ila anwani haikuwa ya Tanzania

Kabla ya yote

Kisa hiki cha utapeli wa imeili ni cha kweli na nilikuwemo ndani. Majina ya watu, kampuni, shule na benki nimeyatoa, na hela nimezisogeza kidogo ili asijulikane mtu. Palipokuwa na jina la kampuni naandika JINA, na palipokuwa na domeni ya matapeli, yaani jina lao la anwani kwenye intaneti, naandika KITU. Mengine yote ndo yalivyokuwa.

Mazingira

Kampuni ni ndogo, watu saba, ipo Dar, inauzia shule za sekondari vifaa vya maabara, yaani darubini, mizani, kemikali, vioo. Mwenyewe ni mzee mstaafu wa ualimu wa kemia na wateja wake wengi ni walimu aliowahi kufanya nao kazi, kwa hiyo biashara nzima imekaa juu ya kuaminiana. Mimi nilikuwa fundi wao wa kompyuta kwa mkataba, naingia mara mbili kwa mwezi.

Tovuti ya JINA.co.tz walikuwa nayo miaka mingi ila imeili walikuwa wanatumia zile za bure, kila mfanyakazi na yake. Mwaka ule mzee akasema inatosha, tuhamie kwenye imeili za kampuni. Nikawahamisha wiki moja, kazi ikaenda vizuri, na mwisho tukatuma tangazo kwa wasapu kwa wateja kama 60 hivi. Tangazo lilisema hivi: "Kuanzia leo imeili zetu zote zina co.tz. Ukiona imeili haina co.tz ujue sio sisi, usilipe."

Tangazo lile niliandika mimi. Kisa chote hiki kinazunguka hapo.

Upande wa pili kuna shule ya binafsi Kanda ya Ziwa. Wana mama mhasibu makini sana, ana faili la kila kitu, na lile tangazo letu alikuwa ameliprinti na kulibandika ukutani pembeni ya kalenda.

Domeni za nchi zimekaaje

Nieleze hapa kwanza maana bila hiki ilivyotokea haieleweki.

Herufi mbili za mwisho, .tz, .ke, .ug, .rw, hazikuokotwa tu. Zinatoka kwenye orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi inayoitwa ISO 3166. Jon Postel, ndo aliyekuwa anasimamia majina haya enzi hizo, aliandika Machi 1994 kwenye waraka wa RFC 1591 kwamba kazi ya kuamua ipi ni nchi na ipi sio nchi sio ya kwao, wao wanafuata orodha. Ndo maana nchi ikibadilika jina herufi nazo zinafuata, Zaire ilikuwa .zr, ilipogeuka Kongo ikaja .cd na .zr ikafutwa 2001. Uingereza ndo tofauti inayojulikana, kwenye orodha ni GB ila intaneti wanatumia .uk.

Orodha inatoa herufi mbili tu. Kinachokaa kushoto ya hizo mbili kila nchi inajiamulia, na hapo ndo pana tofauti kubwa. Ujerumani ni bapa, mtu anachukua jina lake linakaa moja kwa moja chini ya .de, basi. Tanzania na Kenya na Uganda zilijengwa kwa mafungu: co kwa biashara, or kwa asasi, ac kwa vyuo, sc kwa shule, go kwa serikali, ne kwa watu wa mitandao. Mafungu hayo hayana uzito sawa. Go.tz huipati kama sio serikali. Co.tz ni ya yeyote anayelipia, na watu wengi hawalijui hili, wanaona co.tz wanadhani kuna ofisi imekagua biashara ikaona iko safi.

Halafu nchi zenyewe zinabadilisha mpango katikati ya safari. Uingereza watu walizoea co.uk, mwaka 2014 ikaruhusiwa jina kukaa moja kwa moja chini ya .uk. New Zealand mwaka huohuo. Kenya 2017, Australia 2022. Kwa hiyo leo Kenya unakuta jina la co.ke na jina la .ke peke yake, yote halali, na yanaweza kuwa ya watu wawili tofauti kabisa.

Sasa jambo lenyewe. Jina la domeni linasomwa kutoka kulia. Mimi nalifundisha kwa majina yetu wenyewe: ukisema Juma Ali Hamisi, Juma ni mtoto, Ali ni baba, Hamisi ni babu, mkubwa yuko mwisho. Domeni ni hivyohivyo. JINA.co.tz, babu ni tz, baba ni co, mtoto ni JINA. Kompyuta ikitafuta inaanza kwa babu, inaziuliza seva za mzizi tz yuko wapi, wa tz anaulizwa habari za co.tz, mwisho inaulizwa JINA. Na ukishamiliki jina lako, wajukuu unawapa majina unayotaka wewe mwenyewe, huombi ruhusa kwa mtu. Mwenye KITU.com anaweza kuongeza kushoto chochote: duka.KITU.com, tz.KITU.com, JINA.co.tz.KITU.com. Kila kipande kinaruhusiwa kufika herufi 63, hakuna anayekagua kimeandikwa nini. Kama mtu amemwita mwanae Sultani, Sultani Juma Hamisi, hilo halimfanyi kuwa sultani, bado ni mtoto wa Juma. Hiyo tz iliyo katikati sio Tanzania, ni herufi mbili mwenye KITU.com amejichagulia.

Ilivyotokea

Jumatatu shule iliomba profoma ya vifaa vya maabara. Alhamisi ikatoka kutoka imeili halisi ya kampuni, milioni 23 na ushee, walipe kwa awamu mbili, akaunti ileile ya siku zote.

Jumanne inayofuata saa nne asubuhi ikaingia imeili nyingine. Ina mazungumzo yote ya nyuma chini yake, namba ya profoma sahihi, jina la mhasibu wa kampuni sahihi, hata ile salamu yake ya "Tumsifu Yesu Kristo" anayoanza nayo kila mara. Inasema akaunti ya zamani ipo kwenye ukaguzi, naomba malipo ya awamu ya kwanza yaje kwenye akaunti hii mpya.

Mama mhasibu hakulipa hapohapo, hilo nataka lijulikane. Alishtukia kubadilika kwa akaunti, akakumbuka tangazo, akagusa jina la mtumaji kwenye simu ili aone anwani. Ikatokea malipo@JINA.co.tz, halafu vidoti vitatu. Simu haikuwa na nafasi ya kuonyesha yote. Akanyanyua macho ukutani, akasoma tangazo, akaangalia simu tena, co.tz ipo. Akalipa milioni 11.8.

Alhamisi saa tisa mzee akampigia kumuuliza vipi malipo, ndo wote wakajua.

Ijumaa nilikuwa kwenye simu ya picha na yule mama, ananionyesha imeili ile kwa simu nyingine aliyoiazima, na kidole chake kipo juu ya kioo, anasema, "Si hii hapa kaka? Co tz. Si ndo mlivyosema?" Nikamwambia mama bonyeza tena ufungue yote mpaka mwisho. Akabonyeza. Ikatoka malipo@JINA.co.tz.KITU.com. Akanyamaza. Mimi pia sikuwa na la kusema, maana alifanya tulichomwambia afanye, neno kwa neno.

Tulipokuja kuchimba tukakuta imeili ya zamani ya mhasibu wetu, ile ya bure, bado iko wazi na ina mpangilio wa kufowadi kila kitu kwenda anwani asiyoijua. Neno lake la siri lilikuwa lilelile la miaka. Shule ilikuwa imemjibu kwa anwani zote mbili, ya zamani na mpya, kwa hiyo jamaa walikuwa wanasoma mazungumzo yote kama yanavyokuja.

Watu wa ufundi wataniuliza vipi ukaguzi wa SPF na DKIM. Ulipita, vyote viwili. Ukaguzi ule unauliza kama imeili imetumwa kwa ruhusa ya mwenye domeni, na mwenye domeni hapa ni tapeli mwenyewe, kajiruhusu. Haukuwa umekosea kitu.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa benki. Mkuu wa shule alitaka aanze kwa kuandika barua rasmi, mama mhasibu akamwambia hapana Mkuu, tupige simu sasa hivi barua itafuata. Alikuwa sahihi mno. Akaunti ikazuiwa jioni ileile na ikakutwa na milioni 4 na kidogo, nyingine zilikuwa zimeshatolewa kwa mafungu kwenda kwenye laini za simu. Polisi wakapewa taarifa kesho yake asubuhi.

La pili ni langu na nilikosea. Nilitaka jina lile lifungwe haraka kabla mteja mwingine hajapigwa, na nilivyoona co.tz ndani yake, kwa haraka na hasira, nikaandikia rajisi ya .tz, wanaoshika daftari la majina hayo. Ndo, mimi ninayejua kusoma kutoka kulia. Wakajibu kwa upole kwamba jina hilo halipo kwenye daftari lao. Bila shaka halipo, linaishia .com. Nikawa nimepoteza siku moja na nusu. Domeni za .com daftari lake linashikwa na Verisign ya Marekani, lakini malalamiko ya utapeli unaanza nayo kwa msajili, ile kampuni iliyouza jina, unamwona ukitafuta jina hilo kwenye kumbukumbu za umma za domeni, zamani whois, siku hizi RDAP. Wasajili wa .com mkataba wao na ICANN, shirika linaloratibu majina ya domeni duniani, unawataka wawe na mahali pa kupokea malalamiko. Nikatuma imeili ya tapeli ikiwa nzima na vichwa vyake vyote, yaani zile taarifa za juu zinazoonyesha imepitia wapi, na nakala ya taarifa ya polisi. Siku ya tatu KITU.com ikazimwa.

Hapa kuna kitu cha kushika. Sheria za .com hazivuki kuja kwenye .tz wala .ke, kila domeni ya nchi ina msimamizi wake na taratibu zake za malalamiko, kwa hiyo herufi za mwisho ndo zinakuambia ubishe hodi kwa nani. Ukikosea kuzisoma unabisha nyumba isiyo yake.

La tatu, mzee alisema tununue majina yote, JINA.com, JINA.or.tz, JINA la .tz peke yake, JINA.co, yote. Nilimwelewa, ukiumizwa unataka kujenga ukuta. Tukakaa naye tukapiga hesabu ya kulipia kila mwaka, nikamwonyesha kwamba hata tukinunua yote hayo, jamaa hakununua hata moja. Alinunua KITU.com ambayo haina uhusiano wowote na sisi, na huko ndani akaandika jina letu bure. Huwezi kununua wajukuu wa watu wote duniani. Tukakubaliana tuchukue mawili tu, JINA.com na JINA.co. Hiyo ya pili ni kwa sababu mtu akisahau kuandika .tz mwishoni anatua Colombia, na kwenye karatasi za oda tulishaona wateja wanaandika hivyo.

La nne tukaweka DMARC kwenye JINA.co.tz, yaani maelekezo kwa seva za wapokeaji zifanye nini na imeili inayoghushi domeni yetu, tukianza kwa kuangalia tu ripoti na baadaye tukaweka kukataa kabisa. Nilimwambia mzee waziwazi kwamba hii isingezuia kilichotokea. Inazuia mtu kughushi JINA.co.tz yenyewe kamili. Bado tuliihitaji.

La tano ndo dogo kuliko yote na ndo lililobeba mzigo: akaunti ikibadilika, shule inapiga simu kwa namba iliyopo kwenye mkataba wa zamani, sio iliyoandikwa kwenye imeili hiyohiyo.

Matokeo

Zile milioni 4 zilirudi baada ya wiki kadhaa. Nyingine hazikurudi. Mzee alikubali kubeba nusu ya hasara ya shule kwa kuwapa vifaa, alisema tangazo lilikuwa la kwetu. Shule bado ni wateja. Wateja wengine wawili walikuwa wamepokea imeili za aina hiyo, mmoja alikuwa hajalipa na mwingine alishapiga simu mwenyewe kuuliza.

Uchambuzi

Nianze na tangazo. "Zina co.tz" ni sentensi ya kweli, imeili zetu zote zilikuwa nayo. Kosa ni kwamba tulimfundisha mtu kutafuta kipande badala ya kuangalia mahali kilipokaa. Angalia lilivyokuwa zuri kwa tapeli, tulimwandikia kabisa kitu cha kuweka ili aaminike. Tena yule mama asiyejua kitu kuhusu domeni angekuwa salama zaidi bila tangazo, maana alishashtuka, alishasimama, na tangazo ndo lililomtoa wasiwasi. Hili linaniuma mpaka leo. Ukitoa kanuni ya usalama kwa watu, wataitumia mahali pa akili yao, kwa hiyo iwe sahihi au usitoe.

Mfumo wenyewe wa mafungu nao unachangia. Mjerumani amezoea jina la vipande viwili, akiona vitano anashangaa. Sisi tumezoea vitatu, na vinne kwenye ofisi za serikali zenye idara ndani yake, macho yetu yameshazoea anwani ndefu yenye co na tz na nukta kibao, yakiona ndefu nyingine hayashtuki. Sisemi mafungu ni mabaya, go.tz inasaidia sana, ukijua anwani inaishia go.tz unajua umefika serikalini. Lakini msaada huo upo mwisho wa jina tu, katikati hauna maana.

Kuna kosa la pili nilifanya baada ya tukio, na watengeneza programu walisome. Shule iliniomba niwatengenezee kitu cha kusaidia, nikaandika kaprogramu kwenye sanduku la imeili za uhasibu, mtumaji akiwa kwenye orodha ya wasambazaji wao imeili inapata alama ya kijani. Nilikata anwani kwa nukta nikachukua vipande viwili vya mwisho. Kwa .com inafanya kazi. Kwa .de inafanya kazi. Kwa JINA.co.tz vipande viwili vya mwisho ni co.tz. Yaani niliweka kwenye orodha ya wanaoaminika kila anayemiliki co.tz nchi nzima. Siku ya tatu mama mhasibu akanipigia, "Kaka, hawa wauza magodoro nao tunawafahamu?" Tangazo la magodoro, kijani kabisa.

Nikataka kubadilisha iwe vipande vitatu, bahati nzuri nikasita, maana msambazaji wao mmoja wa Nairobi anatumia jina lililokaa moja kwa moja chini ya .ke, kwake vipande vitatu vingekuwa na www au kingine chochote mbele. Hakuna namba moja inayofaa nchi zote. Hakuna fomula. Kuna orodha tu, inaitwa Public Suffix List, iliyoanzishwa na watu wa Mozilla, inaandika nchi kwa nchi jina la mtu linaanzia wapi, kwamba tz ni kiambishi, co.tz nacho ni kiambishi, na kadhalika. Brauza zinaitumia kila siku kwa sababu ya kuki, vile vijifaili ambavyo tovuti inaviacha kwenye kompyuta yako, bila hiyo tovuti moja ya co.tz ingeweza kuweka kuki inayosomwa na tovuti zote za co.tz. Nikaiingiza kwenye kaprogramu na nikaweka ijisasishe yenyewe, maana nchi zinabadilisha mpango wao kama nilivyosema, na nakala uliyoipakua mwaka juzi inazeeka.

Kilichofanya kazi vizuri ni simu ya benki kabla ya barua. Na kumfundisha mtu kwa majina ya baba na babu kulifanya kazi kuliko michoro yote niliyowahi kuchora kwenye ubao. Tulikaa saa moja tu na ofisi ya uhasibu, wakawa wanaandika majina yao wenyewe kwenye karatasi wakiyageuza domeni, na mlinzi wa getini aliyekuja kuleta barua akajiunga.

Kisichotatuliwa ni simu. Programu nyingi za imeili kwenye simu zinaonyesha mwanzo wa anwani na kukata mwisho, wakati mwisho ndo wenye mwenye nyumba. Kwa sasa ofisi ile wamekubaliana imeili yoyote inayotaja akaunti ya benki ifunguliwe kwenye kompyuta, ambako anwani inaonekana yote. Umeme ukikatika wanasubiri urudi, na wasambazaji wameambiwa hivyo kwenye mkataba.

Tangazo la ukutani lilitolewa. Lililopo sasa mama mhasibu ameliandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito: "Soma kutoka mwisho. Likiisha na JINA.co.tz na hakuna kitu mbele yake, ni wao. Akaunti ikibadilika piga simu." Nilimwambia hiyo "mbele yake" inaweza kumchanganya mtu, ni kushoto au kulia. Akachukua kalamu, akachora mshale unaoelekea kulia.